Sombe, Kisamvu

Siku ya kwanza Nabintu aliniomba mayi.
Nikamletea mayai, mawili, ya kuchemsha,
na chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Akayatazama. Akanitazama.
Akagusa koo lake kwa kidole.
Ndipo nikaelewa, nikamimina maji.
Mayai aliyala vile vile. Sikumdai.

Hapa Kibirizi boti ya Uvira
hushusha njaa kabla ya mizigo.
Nina meza tatu, jiko la mkaa,
sufuria yenye kifuniko kisicho chake.
Nauza ninachokijua, wanakiita wanavyojua:
mgebuka wangu Mrundi anamwita mukeke,
dagaa wangu ni ndagala akifika Rumonge,
ni ndakala akivuka Kalemie,
naye amevuliwa usiku ule ule, kwa taa ile ile,
na hakuna aliyemgongea muhuri.

Nabintu alikaa kwangu miezi saba.
Alipoosha vyombo nilisema sawa.
Aliposhika mwiko tukagombana.

Ugali, alisema, si huu wa mahindi
unaomeguka kama chokaa ya ukuta.
Ugali ni wa muhogo, unavutika,
unateremka wenyewe, meno yanapumzika.
Nikamwambia, wee binti,
mama yangu pale Ujiji alinilea kwa huo huo muhogo.
Mahindi nimefundishwa na abiria wa treni,
wale wanaokunja pua
mawese yakianza kuzungumza jikoni.

Lakini kilichotutenga hasa ni majani.
Mimi kisamvu, yeye sombe.
Mimi natwanga kiasi, naweka karanga,
na nazi, ikiwa imesafiri salama kutoka pwani.
Yeye anatwanga mpaka kinu kiombe radhi,
anabandika alfajiri, anaepua adhuhuri,
anamwaga mawese mpaka juu kunatanda wekundu,
anatupia bilinganya, dagaa, kitunguu cha majani.
Nazi, alisema, ni chakula cha wagonjwa.

Bwana Semkiwa wa Tanga akaweka kijiko chini.
"Kwetu," alisema, "nyumba isiyo na mbuzi
hata mchumba haingii."
Mrundi wa meza ya pili akaitikia kwa furaha:
hata kwetu! mbuzi ndiyo heshima,
unamchoma taratibu, unamtia pilipili,
pembeni ndizi.
"Mbuzi ya kukunia nazi, bwana!"
Mrundi akapaliwa na chai.
Tulimpiga mgongoni, Mtanga upande huu, Nabintu upande ule,
na mimi nikaacha maharage yaungue.

Yaliyoungua ndiyo tuliyokula usiku, sisi wawili.
Akayaonja, akasema yananuka kama ya shangazi yake.
Sikujua kama ni tusi.
Akaongeza sukari kwenye chai ya rangi,
vijiko vitano, nikahesabu,
akaniambia kijiji walichokiacha
na nani hakuwahi kupanda boti.
Sukari ile pia sikumdai.

Machi kaka yake alimtumia nauli.
Aliondoka na kinu changu kidogo;
alisema ameazima.

Sasa napika majani kwa njia yake
siku za boti, kwa njia yangu siku za treni,
na siku zisizo na chombo chochote
najikuta nimechanganya.
Juzi mpagazi mmoja wa Uvira alionja, akatikisa kichwa:
mama, hii si sombe.
Fundi baiskeli akachovya tonge: wala kisamvu si hiki.
Wote wawili wakaongeza sahani.

Jana simu imelia, namba ndefu ya ng'ambo.
Hakusalimia.
"Karanga zako," alisema, "unazikaanga kwanza
au unazisaga mbichi?"
Kaanga kidogo, nikamwambia, zisiwe nyeusi.
Akaguna, kama mtu asiyekubali bado.
Kisha akaweka simu chini bila kuikata,
na kwa dakika nzima, mpaka salio lilipokwisha,
nilisikia kinu changu kikitwanga Uvira,
bila haraka,
kwa mkono wake.